Harufu ya Ndimu Juu ya Mabati

Kambini, kwenye ghala
Tarehe 3, mwezi wa kwanza

Kwako Sindano, mshona nguo na mchoma mioyo,

Kabla hujaniuliza kama nimefika, nimefika. Kabla hujaniuliza kama nimekukumbuka, acha maswali ya kitoto.

Hili ghala tunaloliezeka, ukisimama mwisho wa huku ukamwita mtu wa mwisho wa kule, anaitika leo, anafika kesho. Nakwambia ukweli, na kama nimetia chumvi ni ya kuonja tu. Tuko mafundi sita na nyapara mmoja. Katika hao sita, anayetembea juu ya boriti bila kushika kitu ni mmoja, na jina lake linaanza na Mjusi na kuishia na Mjusi. Hata Mzee Misumari, aliyeanza kugongelea mabati kabla baba yangu hajaota ndevu, jana alinitazama akatikisa kichwa. Mwenyewe anasema alikuwa anasikitika. Mimi nasema alikuwa ananishangilia kimoyomoyo.

Habari mbaya ni simu. Siku ya pili ilinichomoka mfukoni nikiwa juu, ikashuka bila ngazi. Usilie. Hata ingekuwa nzima isingesaidia, maana huku mtandao haufiki, wenzangu simu zao wamezigeuza tochi. Ila dereva wa lori la mabati huenda na kurudi kila wiki, na hupita karibu na duka la Shangazi yako. Nimembembeleza mpaka amekubali kuwa posta. Kasema barua atabeba, machozi habebi, yatamlowanishia kiti.

Sasa sogea nikupe siri. Unakumbuka siku ile nilipokuja kuchukua suruali, nimetoka kuoga na nimejisugua ndimu kwa sababu sabuni ilikuwa imeniishia? Uliinua uso kutoka kwenye cherehani ukasema, "Leo unanukia kama mtu mwenye akili." Basi nyuma ya jiko la kambi kuna mndimu umezaa mpaka matawi yanaomba msaada. Kila asubuhi kabla sijashika ngazi nakata ndimu mbili, najipaka shingo, mabega, kifua na mikono yote. Sisuuzi. Maji yenyewe ni ya foleni, halafu nikisuuza harufu inakwenda zake. Kisha navua shati, napanda. Jua likipanda na harufu inapanda, nafumba macho kidogo, nipo dukani kwenu, cherehani inalia, wewe umebana pini mdomoni.

Wenzangu wanasema nanukia kama samaki anayesubiri kukaangwa. Wivu huo.

Nijibu upesi, Dereva halali hapa zaidi ya siku moja.

Wako anayening'inia,
Mjusi


Dukani kwa Shangazi
Tarehe 10, mwezi wa kwanza

Mjusi,

Barua yako imefika na alama ya kidole chenye grisi. Nimeisoma mara moja. Shangazi anasema mara nne, lakini Shangazi huyu huwahesabia watu hata pumzi.

Unaandika kama unavyoongea, mtu hapati pa kupitisha neno. Nimefurahi hujaanguka. Nimefurahi kwamba kilichoanguka ni simu, maana simu ina spea. Na hilo shati unamvulia nani huko juu? Kunguru?

Juzi Baba alikuja kupunguziwa koti. Akakaa kwenye stuli, akatazama ukuta, akauliza kama mtu anayeulizia vifungo: "Yule kijana wa mabati yuko wapi?"

Nikamwambia yuko kazini, mbali.

"Mabati hayana miguu," akasema, "yeye anayo. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa pili nitakuwepo nyumbani. Mwenye neno aje aliseme mbele yangu."

Akavaa koti lake akaondoka, na pini bado zimo mkononi mwa koti. Unamjua Baba. Jambo haliongei mara mbili. Mwaka jana ulimwahidi utakuja, ukaitwa kwenye paa la shule. Kabla yake ukaitwa kwenye paa la soko. Nimekuwa nikishona magauni ya harusi za watu tangu nina miaka kumi na saba, Mjusi. Najua kupima kiuno cha bibi harusi kwa macho tu, akiwa bado mlangoni. Changu sijawahi kukipima.

Basi, siyo kwamba nalalamika. Nakwambia tu tarehe.

Pale nje ulipozoea kuegemeza baiskeli yako, ukuta umebaki na doa. Shangazi alitaka kulipaka chokaa. Nimemwambia chokaa imepanda bei. Haijapanda.

Mimi,
Sindano


Kambini
Tarehe 17, mwezi wa kwanza

Sindano wangu mwenye ncha mbili,

Mwambie Baba nitakuja hiyo Jumapili hata kama itabidi niezeke usingizini. Neno nimeshaliandaa. Nafanya mazoezi jioni, Mzee Misumari anakuwa Baba yako. Anakaa juu ya ndoo, anakunja uso, anauliza, "Kijana, una nini?" Namjibu, "Nina mikono miwili, kichwa kimoja na moyo wa binti yako." Jana akainuka kwenye ndoo akasema, "Nimekataa. Moyo wa binti yangu urudishe." Tulicheka mpaka Nyapara akatoka na taulo.

Paa limefika nusu. Bati jipya, Sindano, linang'aa kama kioo cha kinyozi. Saa sita mchana hujui mbingu iko juu au chini.

Kuna kijambo kidogo, nakutajia ili tucheke wote. Shingo na mabega yananiwaka siku ya nne sasa, na ngozi inanivuta kama shati lililofuliwa likarudi. Hata chini ya kidevu, mahali jua halina njia ya kufika! Mzee Misumari anasema njia lilipata kwenye bati: jua likikukosa kutoka juu linakupata kutoka chini. Anasema nimeungua. Nikamtolea mkono nikamwambia, "Wekundu uko wapi?" Akatazama, hakuuona. Nikamwambia, "Mzee, wanaoungua na jua ni wale weupe wa kwenye picha. Mimi na jua tumenyonya ziwa moja. Sufuria jeusi likiungua nani atajua?" Akachukua nyundo yake akaondoka. Nikimshinda mtu hoja huwa nasikia raha hata kama naumwa.

Dawa najua mwenyewe. Nimeongeza ndimu, sasa nne, maana ndimu huua wadudu. Inachoma kweli kweli, kwa hiyo inafanya kazi.

Siku hizi nalala kifudifudi. Usinionee huruma, nikilala hivyo nakuota ukiwa karibu zaidi, uko chini ya godoro.

Wako wa juani,
Mjusi


Dukani
Tarehe 24, mwezi wa kwanza

Mjusi,

Leo sina utani, kaa chini usome.

Barua yako ilinikosesha raha, nikafunga cherehani nikaenda zahanati. Tabibu alidhani mgonjwa ni mimi. Nikamweleza yote, mabati, shati, shingo inayowaka, wekundu usioonekana. Akasema, "Ngozi nyeusi nayo huungua, ila haijitangazi. Wekundu usiutafute kwa macho. Tafuta joto kwa mkono." Uweke mgongo wa kiganja pale panapouma, kisha uuweke tumboni pasipopigwa na jua. Panapouma pakiwa pa moto kuliko tumbo, pakivuta, pakiuma hata nguo ikigusa, pameungua. Na weusi ukizidi kuiva mahali hapo, au pakianza kubambuka siku chache baadaye, ni hivyo hivyo.

Nilipotaja ndimu, aliweka kalamu chini.

"Anajipaka halafu anakaa juani?"

"Kila siku. Na hasuuzi."

"Mwambie aache leo. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi yakapigwa na jua, ngozi inaungua mara mbili. Nimeona mikono ya wauza juisi imetoka malengelenge kama imemwagiwa maji ya moto."

Mjusi, nilikaa pale kwenye kiti cha zahanati nikakumbuka siku ile na mdomo wangu. Niliona umekuja umeng'ara nikakosa la kusema, nikasema la ndimu. Ningesema nimekupenda ungeungua na nini?

Basi fanya hivi. Oga kwa maji baridi na sabuni, usisugue. Vaa shati la mikono mirefu, kofia pana, na mchana kaa kivulini, Nyapara akasirike atakavyo. Kunywa maji mengi. Usipake mafuta ya kupikia wala dawa ya meno. Malengelenge yakitoka usiyapasue, hilo gamba la juu ndilo kitambaa cha kufungia kidonda.

Na haya aliyarudia mara mbili, akanifanya nami niyarudie. Ukisikia baridi na kutetemeka wakati wenzako wanatoka jasho, ukitapika, kichwa kikikupasuka, ukisimama dunia ikazunguka, malengelenge yakienea au yakitoka usoni, yakitoa usaha, macho yakiuma kama yana mchanga, au ukianza kuongea yasiyoeleweka, hapo hakuna kusubiri asubuhi. Ni hospitali siku hiyo hiyo. Najua wewe yasiyoeleweka huongea hata ukiwa mzima, kwa hiyo Mzee Misumari ndiye aamue.

Nijibu moja moja. Usinijibu kwa hadithi.

Sindano

Dereva amenikalia hapa dukani, anasema gia za lori zimegoma na fundi anasubiri kifaa. Hajui ataondoka lini. Barua hii inanichoma mkononi.


Kambini
Tarehe 31, mwezi wa kwanza

Sindano,

Lori halijaja. Hii naituma na gari la saruji.

Kazi imeongezeka. Jumapili ile sitaweza kuja, na sijui nitakuja lini. Mwambie Baba. Usiniulize kwa nini, kazi ni kazi.

Usihangaike kuandika.

Mjusi


Dukani
Tarehe 4, mwezi wa pili

Kwako fundi,

Lori limepona, linaondoka kesho. Barua yangu ya zahanati bado imo humo humo, kwa hiyo utazipata zote mbili kwa mkupuo, ya mjinga na ya mtu aliyeerevuka.

Mistari mitano! Wewe ambaye salamu tu hujaza ukurasa. Nimeutazama mwandiko, umepinda kama umeandika huku mtu anakuvuta mkono. Shangazi akasema, "Labda kweli kuna anayemvuta mkono." Nikamwambia anyamaze. Halafu nikaenda nyuma, kwenye vitambaa, nikakaa.

Kama umempata anayepika hapo kambini, sema. Mimi si mtoto, nimeshona nguo za watu waliooana na nguo za watu walioachana, na mita ni zile zile. Sitakufuata. Sitakutukana. Ila usinifanye niende mbele ya Baba kusema "kazi imeongezeka" kwa mdomo wangu mwenyewe. Mimi uongo wa mtu siushoni.

Sijamwambia Baba kitu. Nimemwambia Shangazi apake lile doa chokaa. Kapaka. Usiku ulipopita nikatoka asubuhi kutazama, bado linaonekana kwa chini.

Sema neno moja la kweli, halafu uende unakokwenda.

Binti wa watu


Kambini
Tarehe 7, mwezi wa pili

Kwa binti yangu Sindano,

Salamu. Hunijui, nami nakujua sana, kwa kuwa kwa wiki kadhaa nimekalia ndoo nikijifanya baba yako. Mimi ni Misumari. Mwandiko wangu ni wa kizamani, usome polepole.

Mwenzako hana mwanamke hapa. Anayepika ni mzee mwenzangu na ana kipara.

Mwisho wa mwezi shingo yake yote ilitoka malengelenge, mabega pia, na yakapanda mpaka shavuni. Akayapasua kwa ncha ya waya ili, kwa maneno yake, "yasimtangulie kwa mkwe." Yakaanza kutoa maji ya njano. Nyapara akamwambia apumzike, akasema anapumzikia juu. Barua ile fupi aliiandika huku kope zimevimba, karatasi kaishika hapa karibu na pua. Nilimuuliza, "Kwa nini umdanganye mtoto wa watu?" Akanijibu, "Mzee, akijua atakuja. Akija ataniona."

Juzi lori lilifika. Yeye alikuwa amelala chini ya turubai saa saba mchana, amejifunika blanketi mbili, meno yanagongana. Hakuweza kusoma, nikamsomea. Hiyo barua yako ya pili alisikia mstari wa kwanza akanigeuzia mgongo. Ya kwanza ndiyo niliyoitumia. Nilifuata maneno ya tabibu wako kama fundi anavyofuata ramani. Nikaweka mgongo wa kiganja begani, nikadhani nimegusa bati la mchana. Nikamuuliza kichwa, akasema kinagonga. Nikamuuliza kama ametapika, akasema hapana, kisha akatapika. Nikamwambia simama, akasimama akashika hewa. Nikamuuliza leo siku gani, akaniambia, "Jumapili, Baba, nimekuja na neno langu." Ilikuwa Alhamisi.

Sikungoja zaidi. Yeye alikataa, akasema mwanamume haendi hospitali kwa sababu ya jua, watu watamcheka. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeshawateremsha vijana wawili kutoka kwenye mapaa nikiwa nimechelewa, wa tatu simteremshi hivyo. Tukamlaza kwenye lori juu ya magunia, madirisha wazi, vitambaa vibichi shingoni. Dereva hajawahi kuendesha polepole hivyo maishani mwake. Tulifika hospitali ya mji mdogo jua halijazama, wakamwekea dripu.

Bado yuko huko. Daktari alisema kesho yake asubuhi ningekuwa namletea sanda. Nakwambia bila kuficha kwa sababu barua yako ndiyo iliyonifungua macho. Mimi miaka yote hii nilijua msumari unaingiaje kwenye bati, jua linaingiaje kwenye mtu sikujua. Sasa kambi nzima tunavaa mashati, na mndimu tumeuachia ndege.

Wako katika ubaba wa ndoo,
Mzee Misumari


Wodi ya wanaume, kitanda cha mwisho
Tarehe 11, mwezi wa pili

Sindano,

Barua yako ya pili nimeisoma jana mpaka mwisho, na neno la kweli uliloomba hili hapa: sina mtu. Ningekuwa naye angenikataza ndimu.

Mzee ameshakueleza, najua, ule mdomo wake hauna bawaba. Basi nami niongeze yaliyobaki. Dripu nne zimepita. Homa imeshuka jana. Macho yamefunguka, yanauma kidogo kwenye mwanga, Sista amenifungia pazia. Kila asubuhi anakuja na mkasi na bandeji, ananiambia, "Mjusi, leo tunabadilisha magamba." Wodi nzima inacheka. Mimi pia nacheka, halafu akigusa shingo naita majina ya ukoo wote.

Daktari amenikalia kitandani kanieleza kama mtoto wa chekechea. Kwamba jua lilinipika, ndimu ikalisaidia, bati likageuza upande wa pili. Kwamba ule uchafu wa waya uliingia kwenye vidonda ukaanza safari ya damuni. Nikamuuliza, "Daktari, ningekuja lini?" Akasema, "Siku uliposikia baridi wenzako wakisikia joto." Hiyo ilikuwa siku tatu kabla. Siku tatu hizo, ingawa nilishakuandikia kwamba siji, nilikuwa bado nahesabu mabati yaliyobaki kabla ya Jumapili yako.

Sasa sikiliza. Sista alinipa simu yake nikupigie. Namba yako naijua kuliko jina langu. Nikabonyeza zote, nikakata kabla haijaita. Ningesikia sauti yako ikisema tu "haloo," wangeniongezea dripu, maji yote yangetokea machoni. Ndiyo maana naandika. Karatasi haioni sura.

Na sura ndiyo yenyewe. Upande mmoja wa shavu, shingo yote, mabega, pamebaki mabaka. Mengine meusi kama lami, mengine ya waridi kama ndani ya mdomo. Daktari anasema yatafifia, labda miezi mingi, labda mengine yasiishe. Juani sirudi mpaka apende yeye. Yule kijana niliyekuandikia kwamba anatembea juu ya boriti hayupo, Sindano, aliyebaki anatembea akishika kitanda. Nilipopita kwenye kioo cha kunawia nilimsalimia mtu mwingine.

Kwa hiyo usije. Na Jumapili hiyo usinisubiri, mwambie Baba yako kijana wa mabati hana neno tena. Utapata fundi mwenye shingo nzima. Ningekuandikia kwamba nakutakia mema, lakini nikimfikiria huyo fundi natamani aanguke, kwa hiyo tuishie hapo.

Usiku ule wa homa niliambiwa niliongea sana. Sista anasema nilikuwa namwambia mtu anipunguzie suruali, huku nikikataa kuivua.

Nimekukumbuka mpaka nimekosa utani mzuri wa kumalizia.

Mjusi


Kwenye benchi, nje ya wodi ya wanaume
Tarehe 16, mwezi wa pili, saa nne na dakika ishirini asubuhi

Wewe,

Umesoma vizuri hapo juu. Niko nje ya mlango wako. Sista amekataa kunifungulia, anasema muda wa kuwaona wagonjwa ni saa tano na sheria ni sheria. Nimemwomba karatasi akanirarulia hii kwenye daftari lake, kasema ataleta na kupeleka, maana kwa wiki nzima umemsumbua kwa habari za mshonaji mmoja mwenye pini mdomoni. Kumbe na homa yako inanisema.

Kwanza, samahani kwa barua ya tarehe nne. Ile ya mita na walioachana. Niliiandika nikiwa na hasira ya mtu aliyekaa juu ya vitambaa muda mrefu.

Pili, kuhusu hiyo sura. Mimi nguo huzijua kwa rangi tu? Kitambaa chenye mabaka ndicho hupendwa kuliko vyote, tunakitundika mbele dukani. Lakini nitakwambia bila mapambo: nimeogopa. Njia nzima nimeogopa, si mabaka, nimeogopa nitafika nikute kitanda kimetandikwa. Nilipouliza mapokezi wakasema, "Yule mwenye kelele? Wodi ya mwisho," niliwashukuru kana kwamba ni wao waliokutibu.

Tatu, nilimpelekea Baba ujumbe wako kama ulivyo: kijana wa mabati hana neno tena. Nilimsomea na barua nzima, mpaka pale pa kumtakia fundi mwenzako aanguke. Akaniuliza hospitali iko umbali gani. Nikamwambia. Akauliza kama Dereva huwa anabeba wazee. Nikamwambia, "Baba, Jumapili ya mwisho bado." Akasema, "Mwenye neno akishindwa kuja, neno lenyewe hufuatwa lilipolazwa."

Yuko hapa, Mjusi. Kakaa kwenye benchi pembeni yangu, kofia magotini, anajifanya anasoma tangazo la chanjo ya watoto. Analisoma mara ya tatu.

Jibu kwa nyuma ya karatasi hii. Zimebaki dakika thelathini na tano nami siwezi kuzimaliza peke yangu.

Sindano


Kitandani
Tarehe hiyo hiyo, saa sijui

Sindano!

Mtu anamletea mgonjwa mkwe bila kumwambia? Sista anacheka mpaka amekaa. Nimemwomba shati, kasema shati haligusi hivi vidonda wiki nyingine mbili, kanitupia shuka. Basi mwambie Baba nimevaa shuka, lakini nimelivaa kwa heshima. Maneno yote niliyomfanyia Mzee Misumari kwenye ndoo yamenitoka. Hata moja. Nimebaki na "Shikamoo."

Kuhusu shavu, nilikuwa nimelala upande mzuri ukitazama mlangoni. Kisha nimegeuka. Nimeona heri uanze na huu mwingine tumalize.

Sista ameacha mlango wazi, na pazia lake ni fupi. Kutoka hapa nilipo naona chini yake miguu minne. Miwili naijua, ina uzi umenasa kwenye kisigino, ningeijua hata kwenye foleni ya watu mia. Hiyo miwili ya pili, yenye viatu vilivyopigwa rangi vikang'aa, haijatikisika tangu nianze kuandika, na ndiyo inayonitetemesha. Safari hii si homa.

Sista kaangalia saa, kasema zimebaki dakika ishirini. Kaniangalia mimi. Kaiweka saa mfukoni.

Ingieni.

Mjusi